Kabla hujauliza ‘ipi inatoa A?’

Wiki ya kusajili kozi ina hekaheka zake. Mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali aliyeponea mtihani wa marudio (sapu) wa thamodinamiki na kukesha na mahesabu ya uhamishaji joto, anafika miaka ya mwisho ya shahada na kukuta jambo asilolizoea: anaulizwa anataka nini. Mpaka hapo alikuwa akipangiwa. Sasa mbele yake kuna orodha ya kozi za hiari, kama vile usindikaji wa vyakula, uchakataji wa madini, usafishaji wa maji, mafuta na gesi, na nyinginezo, naye achague mbili au tatu. Anachofanya kwanza ni kumtafuta kaka au dada aliyetangulia na kumuuliza: “Ipi inatoa A? Desa lake lipo?” Desa ni notisi za kurithiana.

Tusimcheke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hutoa daraja la kwanza kuanzia GPA ya 4.4 kati ya 5, na aliye na 4.3 anajua uzito wa A moja. Wengine hawafuati alama, wanafuata upepo. Ikitajwa gesi redioni, darasa la gesi linajaa hadi mlangoni.

Upepo nao una historia yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini iliwasili Dar es Salaam mwaka 2004. Aliyeisomea mara tu ilipogunduliwa angeisubiri miaka 30. Mafuta yalikwenda kinyume chake. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kilianza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1966, kikaacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, matangi yakabaki ya kuhifadhia. Lakini mhandisi aliyejua kwa nini mnara wa kutenganisha mafuta unafanya kazi hakupoteza elimu yake siku ile, kwa kuwa pombe kali nayo hutenganishwa kwa mnara wa aina hiyo hiyo.

Hapo ndipo ilipo siri ya fani hii. Kozi za lazima zinafundisha matendo: kuchemsha, kupoza, kuchuja, kutenganisha, kufanya vitu viungane. Kozi ya hiari inakupa malighafi moja na tabia zake, ili uone matendo hayo yakipata tabu. Kwa hiyo jina la kozi lisikutishe wala lisikulevye. Tazama ni tendo gani utalirudia humo ndani hadi likukae.

Chukua mkaa. Katika migodi mikubwa ya dhahabu, kama ule wa Geita, mwamba husagwa na dhahabu ikayeyushwa kwa sianidi. Kuitoa kwenye tope hilo hutumika mkaa maalumu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kifuu kile kile tunachokitupa baada ya kukuna nazi, kikichomwa na kupitishiwa mvuke wa joto kali, hupata vitundu vingi mno. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la takriban mita za mraba 1,000 ndani yake, na dhahabu hunasa humo.

Sasa hamia darasa la maji. Mkaa wa namna hiyo hiyo hutumika kuondoa harufu na rangi kwenye maji ya kunywa. Panda hadi Arusha na kuzunguka Mlima Meru, ambako madini ya floridi kwenye maji huacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Huko hutumika mkaa wa mifupa, ambao zamani viwanda vya Ulaya viliutumia kung’arisha sukari. Unavyoshika floridi si sawa na kifuu kinavyoshika dhahabu, lakini mhandisi anabaki na swali lile lile: tangi hili la mkaa litajaa lini, na nitajuaje kabla kilichotakiwa kunaswa hakijapita? Aliyelihesabu swali hilo vizuri katika kozi moja analipeleka katika nyingine, na baadaye kazini.

Basi mwanafunzi achague vipi? Aanzie kwenye mafunzo kwa vitendo. Wakati wa PT, kiwandani au mgodini, alisimama muda mrefu mbele ya mtambo gani bila kulazimishwa? Pia aulize pua yake. Utani huu una ukweli: molasi, ngozi mbichi na majitaka kila kimoja kina harufu yake, na mtu atakayeishi na harufu hiyo miaka kumi afadhali aionje mapema. Tena, kati ya kozi hizo mbili au tatu, moja iwe ya kumfaa popote, kama udhibiti wa mitambo, usalama viwandani au takwimu. Kiwanda kikifungwa, ujuzi huo unahama naye.

Alama nazo azihesabu, hakuna ubaya. Ila kozi rahisi iliyosomwa kwa desa huacha herufi kwenye cheti, na siku ya usaili mwenye kiwanda atauliza kuhusu mradi alioufanya. Kwa hiyo yule kaka au dada wa mwaka wa mbele bado ni wa kutafutwa. Aulizwe tu jambo jingine: “Katika kozi ile, ninyi wenyewe mlihesabu nini?” Akijibu kwa kuchora tangi, mabomba na mishale, huku akilalamika kwamba namba zilikataa kulingana usiku kucha, hiyo ni kozi ya kusajili.