Kabla ya Kuanza Mazoezi ya Marathon

Ndugu wanavikundi, hapa Yamumbi ukitoka nje alfajiri utakutana na vijana barabarani wakikimbia. Ni jambo la kufurahisha. Lakini siku hizi vikundi vyetu vinaletewa maombi mapya: kijana anataka mkopo aende kambini, ama mzazi anataka kuuza ng'ombe wa maziwa ili mtoto "aingie marathon". Kwa hivyo tumeonelea tuzungumze juu ya matayarisho yanayotakiwa kabla ya mazoezi yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaumia, mwili na mfuko.

Marathon ni kilomita 42 na mita 195. Siyo mbio za shule. Wale mabingwa tunaowasifu waliingia polepole sana. Eliud Kipchoge alipata dhahabu ya mita 5,000 kule Paris mwaka 2003, na marathon yake ya kwanza, Hamburg, ilikuwa mwaka 2013. Miaka 10! Paul Tergat alishinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, 1995 mpaka 1999, ndipo akajaribu marathon mwaka 2001. Vijana watauliza, "Na Kiptum je?" Ni kweli marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathon ya kwanza akiwa na miaka 23 tu, kule Valencia mwaka 2022. Lakini mwaka 2019 alikuwa ameshakimbia nusu marathon kule Lisbon chini ya saa moja. Msingi ulikuwako. Hata kwenye mashindano ya dunia na Olimpiki, kijana ambaye hatafikisha umri wa miaka 20 kabla mwaka huo haujaisha haruhusiwi kukimbia marathon, na sababu ni kwamba mwili bado unakomaa.

Basi aanzie wapi? Aanzie zahanati. Apimwe presha na damu, na kama ana kikohozi kisichoisha apimwe kifua. Akiwa amewahi kuzimia akikimbia, ama kusikia maumivu ya kifua, ama kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana, amwambie daktari kabla ya kukimbia hata hatua moja. Huku kwetu Eldoret tuko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mwenye upungufu wa damu atachoka haraka sana.

Halafu miguu. Mtu ambaye hajakimbia tangu amalize shule aanze kwa kutembea kwa haraka, dakika 30, akichanganya na kukimbia kidogo, siku tatu ama nne kwa wiki. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kuongea na mwenzako mkiwa mnakimbia, mnaenda mbio mno. Afuate njia ya udongo, aache lami. Viatu vya mitumba si vibaya, bora soli haijaisha na vidole havibanwi. Aendelee hivyo nusu mwaka hivi, akiongeza kidogo kidogo, kabla ya kufikiria mazoezi ya marathon. Na tusisahau shamba. Kijana anayelima kutwa wakati wa palizi, kisha jioni anakimbia kilomita 15, ataumia goti ama kifundo, halafu tutasema amerogwa. Siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Chakula hakihitaji duka kubwa. Ugali, maharagwe, managu, mayai, maziwa ama mursik, na maji ya kutosha. Chai inywewe kando, isiandamane na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Wazazi wenye mabinti, hili msione aibu kulizungumza: msichana akianza mazoezi kisha hedhi ikakatika, mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya. Apelekwe kwa daktari. Kocha anayesema ni kawaida, huyo tunamtilia shaka.

Jambo la dawa ni zito. Mwanariadha anahukumiwa kwa kile kilichopatikana mwilini mwake, hata akisema hakujua. Mwaka 2025 Ruth Chepng'etich, aliyekimbia marathon ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, alifungiwa miaka 3 baada ya kupatikana na dawa ya kupunguza maji mwilini. Hiyo ni dawa ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaitumia, pengine iko juu ya kabati nyumbani kwako. Kwa hivyo kijana asimeze dawa ya mama wala ya jirani, asikubali sindano ya "kuongeza nguvu", na akiugua amwambie daktari mapema kwamba yeye ni mwanariadha.

Sasa pesa. Katika mbio nyingi zawadi zinakwenda kwa wachache wa mbele, na waliobaki wanarudi kutafuta nauli. Maoni yetu ni haya: kikundi kisikopeshe pesa za kambi mpaka kijana amefanya mazoezi miezi sita akiwa nyumbani, na amekimbia mbio za hapa karibu mkaona saa yake. Kabla ya hapo mumsaidie kwa viatu na chakula, inatosha. Ng'ombe abaki zizini, maana maziwa yake ndiyo chakula cha mkimbiaji. Wale walio shuleni ama wanaojifunza ufundi wasiache. Na akija meneja na karatasi ya kutia sahihi, isisomwe na kijana peke yake. Iletwe kwenye kikundi, isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila mtu anaelewa, na ibaki siku chache kabla ya mtu kushika kalamu.

Kwenye mkutano ujao mnaweza kuzungumzia haya: katika kijiji chetu ni vijana wangapi wanakimbia, na wangapi wameshapimwa? Ni nani kati yetu anaweza kwenda kuiona ile kambi kwa macho yake?