Usawa katika upasuaji wa dharura

Usawa katika upasuaji wa dharura ni hali ambapo mtu aliyeumia au kuugua ghafla anapata upasuaji anaohitaji kwa wakati na kwa usalama, bila kujali anaishi wapi au ana kipato gani. Katika nchi nyingi hali hiyo haijafikiwa. Mvunjiko wa paja ambao katika jiji tajiri hutibiwa kwa siku chache unaweza kumwacha kijana wa kijijini kilema kwa maisha yake yote.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la tiba The Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama wanaoumudu. Kati ya operesheni milioni 313 zilizofanyika kwa mwaka, 6% tu zilifanyika katika nchi maskini zaidi, ambako huishi zaidi ya theluthi moja ya watu wote. Majeraha peke yake huua takriban watu milioni 4.4 kila mwaka. Kwa upande wa ajali za barabarani, 92% ya vifo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban 60% tu ya magari ya dunia.

Tume hiyo ilichagua operesheni tatu za kupimia uwezo wa hospitali: upasuaji wa kujifungua, upasuaji wa kufungua tumbo, na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Hospitali inayoziweza tatu hizo kwa kawaida huweza na nyingine nyingi. Lengo lililowekwa ni kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau 80% ya wakazi wa kila nchi waweze kuifikia hospitali ya namna hiyo ndani ya saa mbili.

Mahali muda unapopotea

Wataalamu huugawa ucheleweshaji katika hatua tatu: kuamua kutafuta matibabu, kufika hospitalini, na kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo ulianzia kwenye utafiti wa vifo vya wajawazito, lakini unawafaa majeruhi vilevile. Hatua ya tatu husahaulika kirahisi. Mgonjwa anaweza kuwa tayari kitandani, huku daktari wa usingizi hayupo, damu imekwisha au umeme umekatika.

Watumishi

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Msumbiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 nchi ilibaki na madaktari wachache mno, na mwaka 1984 ikaanza kuwafundisha matabibu wenye uzoefu kufanya upasuaji. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, na sehemu yake kubwa ilikuwa kazi ya vitendo. Mwaka 2002 mafundi hao wa upasuaji walifanya 92% ya operesheni kubwa za uzazi katika hospitali za wilaya. Uchunguzi mwingine uliwafuatilia wahitimu kwa miaka saba tangu wapangiwe vituo vya wilaya: 88% ya mafundi walikuwa bado wanafanya kazi huko, na hakuna hata daktari mmoja aliyebaki. Pengine takwimu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa ujuzi usiokaa wilayani haumsaidii mkazi wa wilaya.

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na Malawi huwategemea matabibu kutibu mifupa wilayani. Mpango huu hauondoi haja ya mabingwa, ambao ndio hufundisha, husimamia na kupokea kesi ngumu. Mabingwa wa ukanda huu hufundishwa pia kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha.

Vifaa

Bila chuma cha kuunga mfupa, mgonjwa wa paja hulazwa wiki sita au zaidi, mguu ukivutwa kwa kamba na uzito, na familia hukosa kipato chake kwa muda wote huo. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa Lewis Zirkle, hutoa chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa bila kuhitaji mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni miongoni mwa hospitali zinazokitumia.

Kwa majeruhi wanaovuja damu kuna dawa ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki. Jaribio kubwa la mwaka 2010 lenye wagonjwa zaidi ya 20,000 lilionyesha kuwa hupunguza vifo, hasa ikitolewa mapema. Baada ya saa tatu inaweza kudhuru.

Usafiri na malipo

Nchini Tanzania mfumo wa m-mama huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na pasipo ambulensi dereva wa kawaida wa eneo hilo huitwa, kisha hulipwa kwa simu. Majeruhi wa bodaboda hamo katika mpango huo.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Swali la nani atalipa lilibaki kwa miaka mingi, hadi sheria ya mwaka 2023 ilipounda mfuko maalumu wa serikali wa kugharimia dharura na magonjwa mahututi.