Kupimwa Usikivu: Sikio Huulizwa Nini?

Uchunguzi wa usikivu huanza kwa maswali kabla ya mashine, kwa kuwa daktari wa masikio, pua na koo, au mtaalamu wa audiolojia, yaani elimu ya usikivu na kasoro zake, huhitaji kujua kama mtu amefanya kazi penye kelele, kama masikio yake yamewahi kutoa usaha, au kama ametumia dawa zinazoweza kuyadhuru, mfano gentamisini na kwinini. Kisha humulika tundu la sikio kwa otoskopu, kifaa kidogo chenye taa na lenzi, ili akione kiwambo cha sikio, na huenda akalazimika kwanza kuondoa nta iliyoganda.

Kipimo chenyewe hufanyika katika chumba kinachozuia kelele za nje. Mpimwaji huvalishwa visikizi na kupewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio, hata uliofifia kiasi cha kumtia shaka, kwani kinachotafutwa ni kizingiti, yaani sauti ndogo kabisa anayoweza kuitambua. Mlio ukisikika hupunguzwa kwa desibeli 10, ambazo ni vipimo vya ukubwa wa sauti. Usiposikika huongezwa kwa 5. Na zoezi hurudiwa kwa milio mizito hadi myembamba. Kukosa milio kadhaa si kushindwa, maana mingi hushushwa kwa makusudi chini ya uwezo wa sikio.

Majibu huchorwa kwenye audiogramu, grafu ambayo kwa kawaida huonyesha sikio la kulia kwa duara jekundu na la kushoto kwa alama ya X ya buluu. Mstari ukiporomoka upande wa milio myembamba, kama ilivyo kwa wazee wengi, irabu husikika lakini konsonanti kama s, f na sh hupotea, hivyo "fika" na "shika" hukaribia kuwa neno moja, na mzee huwadhania watu wote kuwa wanamung'unya.

Sehemu yenye manufaa makubwa zaidi ni ile ambayo wengi hawaitarajii. Kitetemeshi kidogo hubandikwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kikapeleka mlio moja kwa moja hadi koklea, kiungo cha ndani kinachogeuza mitetemo kuwa ishara za neva. Mtu akisikia vizuri kwa njia ya mfupa kuliko ya hewa, kasoro iko sikio la nje au la kati, pengine nta, kiwambo kilichotoboka au majimaji, na mara nyingi hutibika. Njia zote mbili zikipungua sawasawa, tatizo aghalabu liko kwenye koklea au neva, na hapo shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, huweza kusaidia.

Pale mpimwaji anapotakiwa pia kurudia maneno anayosikia, ni haki yake kuomba yawe ya lugha aliyoizoea, la sivyo hupimwa ujuzi wa lugha badala ya sikio. Mtoto mchanga hahitaji kujibu chochote: hupimwa akiwa usingizini kwa mwangwi unaotoka kwenye koklea yake, jambo lililogunduliwa na David Kemp mwaka 1978.

Anayepoteza usikivu ghafla, hasa wa sikio moja, asingoje miadi ya kawaida, bali aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hufaa zaidi zikianzwa mapema.