Malipo ya Waganga Vijijini: Uzito na Daraja

Mkulima aletaye pamba ghalani hulipwa kwa mambo mawili: uzito wa mzigo na daraja lake. Mfano huo watosha kueleza utaratibu wa kuwalipa watumishi wa afya kwa kadiri ya kazi yao, ambao Rwanda iliueneza nchini kuanzia mwaka 2006 baada ya kuujaribu katika baadhi ya sehemu zake.

Mishahara ya kawaida haikuondolewa, bali kituo cha afya kiliongezewa fedha kwa kila huduma iliyowekewa bei. Katika bei za mwanzo, mama aliyejifungulia kituoni alikipatia kituo dola 4.59 za Marekani. Aliyekamilisha mahudhurio 4 ya kliniki ya wajawazito, dola 0.37. Huo ndio uzito. Daraja lilitokana na ukaguzi wa ubora wa huduma, uliofanywa kila miezi 3 bila taarifa. Kwa mfano, kituo kilichostahili faranga 1,000,000, kikapata alama 80 kwa 100, kingelipwa faranga 800,000.

Matokeo yake yalikuwaje? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha vituo 166. Vile vilivyokuwa nje ya utaratibu vilipewa fedha za kiasi hicho hicho bila sharti, ili ijulikane kama faida inatokana na wingi wa fedha au na namna ya kulipa. Katika vituo vilivyolipwa kwa kazi, akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23. Lakini waliokamilisha mahudhurio 4 hawakuongezeka, wala watoto waliomaliza chanjo zote. Yafaa kukumbuka bei: kujifungulia kituoni, kulikolipiwa vizuri, kulistawi, na mahudhurio 4, yaliyolipiwa senti chache, yalibaki palepale.

Aidha, fedha ikifuata taarifa, taarifa nayo huingiwa na vishawishi. Jina la mgonjwa hewa likiandikwa daftarini hulipiwa sawa na la mgonjwa wa kweli. Kwa sababu hiyo madai ya vituo yalilinganishwa na madaftari, na baadhi ya waliotajwa walifuatwa majumbani kuulizwa kama kweli walihudumiwa.

Makatibu wa vyama hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mizani isiyokaguliwa humpunja mkulima kimya kimya. Taarifa ya afya isiyokaguliwa humpunja mama mjamzito, naye hasara yake hairudishwi kwa malipo ya pili.

Hivyo basi, mwanachama anayeketi katika kamati ya zahanati, mahali popote malipo ya namna hii yatakapoanzishwa, anao wajibu wa kuuliza mambo matatu: ni huduma zipi zinazolipiwa, ni zipi zilizoachwa, na ni nani anayehakiki taarifa. Na mkaguzi abishapo hodi nyumbani, aelezwe ukweli mtupu, kwani jibu hilo ndilo jiwe la mizani.