Mhuri wa LC1 tunaujua, katibu wa watoto hatumjui

Mfanyabiashara anayetoa matoke Oruchinga kupeleka Mbarara anamjua mwenyekiti wa LC1 kwa jambo moja: mhuri. Wachache wanajua kwamba kisheria makamu wake ndiye katibu wa masuala ya watoto. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza mtoto wa darasa la tatu anafanya nini sokoni Jumanne asubuhi.

Sisi raia wa Uganda tumezoea kutouliza. Baada ya 2001 hatukuchagua tena mabaraza ya vijiji hadi Julai 10, 2018, tulipopanga foleni nyuma ya wagombea. Aliyezaliwa 2001 alikuwa karibu mtu mzima. Serikali ilisema haina fedha, na wengi wetu tukanyamaza. Hata 2021, uchaguzi mkuu ulipofika, karibu wanne katika kila kumi walioandikishwa hawakupiga kura.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa 1997. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni mzigo wa mzazi. Akikosa, mtoto hubaki nyumbani, na akibaki hupewa kazi. Mara nyingine kazi hiyo ni kubeba mikungu yetu wenyewe.

Wakimbizi wa Oruchinga na Nakivale hawana kura katika LC1, ila wanachagua kamati zao za ustawi. Sisi wenye kura, ukienda kugongewa barua wiki hii, muulize mwenyekiti: makamu wako ni nani, na watoto wangapi hapa hawaendi shule?