Kiswahili Hakitiwi kwa Kuflashi

Wiki haiishi hapa Matsangoni bila mtu kunisimamisha kando ya barabara kuu ya Malindi, simu mkononi: "Fundi, hebu nitilie Kiswahili." Simu yenyewe Kiswahili inacho, kila pahala imeandika "Hifadhi" na "Ghairi". Iliyogoma ni programu moja tu, ya mkopo au ya shule ya mtoto, na mwenyewe ashaambiwa stejini kuwa dawa ni kuiflashi.

Nianze na hiyo dawa, maana imenichosha. Kuflashi ni kufuta mfumo wa simu na kuuweka upya. Picha za arusi huenda, namba huenda, pesa zako huenda kwa aliyekuflashia, na ile programu ukiirudisha inarudi na Kiingereza chake vilevile. Ingekiachaje? Maneno yake hayakai kwenye mfumo wa simu. Yamo kwenye mafaili waliyoandika watengenezaji wake: kila sentensi ina ufunguo, na kila ufunguo una maneno ya Kiingereza, pengine na ya Kiswahili. Ukichagua Kiswahili, programu hutafuta ufunguo ule kwenye faili la Kiswahili. Ikiukosa, hurudi kwenye lugha ya msingi. Ndiyo sababu kitufe kimoja kinasema "Endelea" na jirani yake "Submit". Simu haiumwi, mfasiri hakumaliza kazi.

Kibodi ya Kiswahili nayo, dawa ya pili, hubashiri unachoandika wewe. Walichoandika wengine haikigusi.

Anayebisha atazame M-Pesa. Simu ndogo ya kabambe yenye menyu ya Kiingereza hupokea ujumbe wa M-Pesa kwa Kiswahili bila taabu, kwa kuwa mwenye laini aliichagua lugha hiyo kwenye akaunti yake, na ujumbe hutungwa kwenye kompyuta za kampuni, si mfukoni mwako.

Pana pahala pamoja ambapo watu wa stejini wanaukaribia ukweli. Tangu Agosti 2021, Play Store inataka programu mpya ziletwe kwa muundo unaokatika vipande, ili simu ishushe lugha zilizo kwenye mipangilio yake tu. Ukibadili lugha, kipande chake hufuatwa mtandaoni. Bando likiwa limekwisha, hakiji. Na mchezo wa kurushiana programu simu kwa simu unaweza kukupa programu ya mwenzako bila kipande cha Kiswahili. Hapo dawa ni bando na Play Store.

Wengine wa kulaumiwa ni waandishi wa programu, wenzangu. Nimeona faili la Kiswahili limepewa jina "ki". Kwa kompyuta "ki" ni Kikuyu. Kiswahili ni "sw". Likakaa humo, hakuna aliyechagua Kiswahili akaliona. Mwingine alifasiri neno "mpya" mara moja akalibandika kila pahala, tukapata "vitu mpya". Ngeli haziungwi kwa gundi jamani, fasirini sentensi nzima!

Wazee huniuliza Kigiriama. Kinawezekana, msimbo wake ni "nyf". Kwenye orodha ya lugha za simu huenda usikione, lakini programu inaweza kuwa na kitufe chake yenyewe. Kinachokosekana ni faili, na mtu wa kulipwa aliandike.

Sasa la kufanya. Tafuta "Lugha" ndani ya programu yenyewe kwanza. Kwa Android 13 kwenda juu, tazama lugha za programu kwenye mipangilio ya simu. Programu isipokuwamo, pengine haikuandaliwa kwa hilo. Isasishe ukiwa na mtandao. Uliyorushiwa ifute uishushe upya Play Store, ila hakikisha kwanza unaikumbuka nywila. Ikibaki Kiingereza, hakuna cha kutia: waandikie watengenezaji, anwani yao iko kwenye ukurasa wa programu Play Store. Mimi msinisimamishe.