Korongo Husomwa Kuanzia Juu

Anayeingia korongoni hutazama chini. Anatafuta pa kukanyaga, anakwepa jiwe lenye utelezi, anashika mzizi uliotokeza ukingoni. Hafanyi vibaya, ila macho yakizoea kubaki miguuni mtu husahau kuwa amesimama ndani ya mfereji. Mashariki ya mji wa Babati umeinuka Mlima Kwaraha, volkano iliyozimika zamani, kilele chake kikiwa takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na msitu wa hifadhi wa Ufiome ukiwa umeyafunika mabega yake. Upande wa pili, ukishaipita Dareda, ukuta wa Bonde la Ufa unapanda kuelekea Mbulu. Katika miteremko hiyo hakuna korongo wala ujia wa mawe unaosifiwa na wapenda matembezi ambao haukuchongwa na maji, na maji hayo hayajamaliza kazi. Ndiyo maana nasema usalama wa anayetembea humo hauamuliwi na viatu, kamba wala pumzi zake. Unaamuliwa na kipande cha nchi kilicho juu yake, ambacho mara nyingi hata hakioni.

Tupige hesabu. Chukua mteremko wa kilomita za mraba 5 tu unaomwaga maji yake katika korongo moja. Inyeshe mvua ya milimita 30, mvua ya alasiri moja ambayo mkulima wa kijiji cha Bonga hataisimulia kesho yake. Hapo zimeshuka mita za ujazo 150,000. Tuwe wakarimu, tuseme udongo na majani vimekunywa theluthi mbili. Zilizobaki, 50,000, zikiteremka ndani ya saa moja, ni karibu tani 14 za maji kila sekunde. Mahali ambapo bonde lina upana wa mita 40, maji hayo yanakufika kwenye ugoko na unaweza kuyavuka ukilalamika tu kuwa yana baridi. Yakibanwa kwenye mpenyo wa mita 3 kati ya majabali, yanakufika kifuani na kasi yake imeongezeka maradufu. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa maji huongezeka mara nne, na hapo bado hatujahesabu magogo na mawe yanayobebwa. Uzuri wa korongo uko pale penye wembamba, na hatari yake iko papo hapo.

Atakayesema hayo ni ya masika, na kwamba dawa yake ni kutembea wakati wa kiangazi, aitazame Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kundi la kanisa waliokuwa wakitembea ndani ya korongo la hifadhi ile. Kama ingekuwa hiyo tu, hoja ya masika ingesimama. Lakini tarehe 1 Septemba 2019, mwezi ambao si wa mvua za masika wala wa vuli, watu saba wengine walikufa katika korongo hilohilo, na mamlaka ya wanyamapori ikalifunga. Mmoja wa waliokufa siku ile alikuwa mwongozaji wa palepale. Hilo linaumiza hoja tunayoipenda sote, kwamba ukishamlipa mwenyeji akuongoze basi umemaliza. Mwenyeji aliye ndani ya korongo anaona mbingu ileile unayoiona wewe, utepe mwembamba kati ya kuta mbili. Anaweza kukuonyesha njia, lakini wingu lililo nyuma ya mlima halioni.

Anachoweza ni kusoma maandishi ambayo maji yameyaacha. Tazama vichaka vilivyoota kando ya mkondo: ukikuta nyasi kavu, vijiti na kipande cha mfuko wa plastiki vimenasa matawini juu ya kichwa chako, huo ndio urefu ambao maji yaliwahi kuufikia. Tazama na mawe bapa sakafuni. Yamelaliana kama vigae vya paa, yote yameinamia upande maji yatokako, kwa sababu mkondo wenye nguvu umeyapanga hivyo. Kama kijito kipo, rangi yake ni habari. Maji yaliyokuwa meupe yakianza kufanana na chai ya maziwa, na majani mabichi yakaanza kuelea, mvua imeshanyesha mahali na dakika zinahesabika. Mtu asikimbie kufuata mkondo, maana hatashindana nao. Apande ukingoni kwa njia ya karibu zaidi, na begi aliache kama linamchelewesha.

Kuna wanaojibu kuwa wachungaji na wakata kuni hupita humo kila siku wala hawafi. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila mchungaji hulikata korongo. Huingia ng'ambo hii akatokea ile kwa dakika chache, na anajua pa kupandia. Mtalii hulifuata kwa urefu wake, saa mbili au tatu, mara nyingi sehemu zisizo na pa kutokea.

Jibu zito zaidi ni la wale wanaosema msitu unatosha: ukiwa mzima juu, maji hushuka taratibu. Nalikubali kwa mvua za kawaida. Takataka za majani na mizizi hulipunguza kasi tone la mvua na kulifungulia njia ya kuingia ardhini, na mteremko uliofyekwa huleta mafuriko mapema na kwa kishindo. Lakini asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi za vuli, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang, mlima wenye hifadhi ya msitu, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Mzizi hushikilia udongo wa juu. Hauwezi kushikilia mwamba uliooza chini yake. Na njia liliyoifuata tope lile ilikuwa ileile ya siku zote, mikondo na makorongo.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usipuuzwe, ila huzungumzia mkoa, haulengi bonde moja nyuma ya Dareda. Kinachokosekana ni mtu wa juu: mwanakijiji anayekaa ukingoni kwa saa zile kundi liko ndani, anayeona mlima mzima. Watasema simu haishiki korongoni, na ni kweli. Basi apigiwe kabla ya kuingia na kila kundi linapofika penye mtandao, na kundi lisipompata, ligeuke. Safari yenyewe ianze alfajiri, kwa kuwa mvua nyingi za huku hujijenga baada ya mchana. Watu wa kazi hiyo si wa kuagizwa kutoka mbali. Vijiji vinane vya Duru-Haitemba, humuhumu Babati, vimekuwa vikisimamia msitu wao wenyewe tangu 1994, kwa doria za walinzi wao, na mlinzi wa msitu ndiye tayari anayejua korongo lipi hujaa kwanza. Ada ya kundi ikatwe mafungu mawili, moja la anayetangulia mbele na jingine la aliyeketi juu, pamoja na nauli yake ya bodaboda hadi ukingoni.